Ni Nini Kilichopanda? Maneno ya Kueleza Mwenendo wa Takwimu katika Mtihani wa Kiingereza

Kijana wa Afrika Mashariki anayeomba nafasi ya kusoma shahada katika chuo kikuu cha ng'ambo hutakiwa mara nyingi kuonyesha cheti cha kujua Kiingereza, hata kama masomo yake yote ya sekondari aliyasoma kwa lugha hiyo. Mmojawapo wa mitihani inayojulikana sana kwa ajili hiyo ni ule uitwao IELTS, ulioanzishwa mwaka 1989 kushika nafasi ya mtihani wa Waingereza uliokuwa ukitolewa tangu 1980. Mtihani huo una sehemu nne, yaani kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na matokeo yake hutolewa kwa madaraja kuanzia 0 hadi 9. Makala haya yahusu kipande kidogo tu cha mtihani huo: swali la kwanza la kuandika katika mkondo wa kitaaluma. Hapo mtahiniwa huwekewa grafu, jedwali au mchoro, akatakiwa aueleze kwa maneno yasiyopungua 150, huku akishauriwa asitumie zaidi ya dakika 20.

Swali hilo lina uzito wa nusu tu ya swali la pili, lakini ndilo lenye sayansi ndani yake. Kusoma grafu na kusema kwa usahihi inachosema ni kazi ya mwanafunzi wa jiografia, wa fizikia, wa kilimo na wa uchumi. Ni kazi pia ya mwananchi anayesikiliza taarifa ya habari. Ndiyo sababu nimeona yafaa lizungumzwe katika kurasa hizi, wala lisiachiwe walimu wa Kiingereza peke yao.

Wanafunzi wetu hujiandaa kwa swali hili kwa kukariri orodha. Madaftari yao yana ukurasa wenye maneno ishirini ya Kiingereza yanayosemekana kuwa na maana ya kupanda, na ukurasa wa pili wenye maneno ishirini ya kushuka. Siwalaumu kwa kukariri, kwa maana hakuna lugha ya kigeni inayojifunzwa bila kukariri. Kosa liko katika kudhani kuwa maneno ya ukurasa mmoja ni sawasawa, kwamba mtu aweza kuchukua lolote ili mradi asirudie alilokwisha kulitumia. Matokeo yake ni sentensi yenye sarufi njema na habari ya uongo. Watahini hupima mambo manne kwa uzito ulio sawa: kama swali limejibiwa kikamilifu na kwa usahihi, kama maelezo yanafuatana vema, upana wa msamiati, na sarufi. Neno zuri lisilolingana na tarakimu humwumiza mtahiniwa katika jambo la kwanza na la tatu kwa pamoja.

Sukari imepanda

Tuanze na sentensi ambayo kila msomaji ameisikia dukani: sukari imepanda. Hakuna Mswahili atakayeuliza imepanda juu ya nini. Sote twajua kuwa kilichopanda ni bei. Vivyo hivyo twasema mafuta yameshuka, watu wameongezeka, mvua imepungua, na lugha yetu yaturuhusu kwa sababu msikilizaji hujaza mwenyewe neno lililoachwa. Kiingereza cha mtihani hakina ukarimu huo. Huko sukari yenyewe haipandi. Ni lazima iandikwe kwamba kilichopanda ni bei ya sukari, au kiasi cha sukari kilichouzwa, au kiasi kilichoagizwa kutoka nje, kwa maana vitu hivyo vitatu vyaweza kwenda njia tofauti katika mwaka huo huo mmoja. Bei ikipanda, kiasi kinachonunuliwa chaweza kushuka.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kutafuta katika grafu si kitenzi bali ni mtenda. Mwanafunzi asome maandishi yaliyo kando ya mhimili wa wima kabla hajautazama mstari wenyewe. Je, ni idadi, ni kiasi, ni bei, ni asilimia, au ni kasi? Katika hili Kiswahili chamsaidia, kwani sisi twatofautisha idadi, ambayo ni ya vitu vinavyohesabika, na kiasi, ambacho ni cha vitu vinavyopimwa. Na Kiingereza nacho kina "number" na "amount", maneno yanayogawana kazi kwa namna hiyo hiyo. Mwanafunzi aulizaye "Je, ningesema idadi au kiasi?" atapata jibu la Kiingereza bila taabu.

Lakini neno letu "kiwango" hutupotosha. Twalitumia kwa mambo mawili yasiyofanana: kiwango cha maji ziwani, ambacho ni kimo, na kiwango cha ongezeko la watu, ambacho ni kasi. Darasani mimi hupendelea kutumia neno "kimo" kwa la kwanza na "kasi" kwa la pili, ingawa najua mazoea hayaondoki upesi.

Mfumuko ukishuka, bei hufanya nini?

Tofauti ya kimo na kasi haiwasumbui wanafunzi tu. Redio hutangaza kwamba mfumuko wa bei umeshuka. Mama wa nyumbani huenda sokoni siku hiyo hiyo akakuta unga ni ghali kuliko mwaka uliopita, akarudi nyumbani akiamini kuwa amedanganywa. Hakudanganywa, wala macho yake hayakukosea. Kilichoshuka ni kasi ya bei kupanda. Bei zenyewe hazikushuka.

Tuchukue mfano halisi wa Tanzania. Kwa takwimu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mfumuko wa bei kwa mwaka ulikuwa asilimia 19.8 mwezi Desemba 2011, asilimia 12.1 mwezi Desemba 2012, na asilimia 5.6 mwezi Desemba 2013. Ukichora nukta hizo tatu na kuziunganisha, utapata mstari unaoteremka kama njia ya mlimani. Sasa tufuate kapu moja la bidhaa lililogharimu shilingi 1,000 mwezi Desemba 2010, tukilipandisha bei kwa asilimia hizo. Desemba 2011 litakuwa shilingi 1,198. Desemba 2012 litakuwa kama shilingi 1,343. Na Desemba 2013 litakuwa kama shilingi 1,418. Ukichora na nukta hizi utapata mstari unaopanda tangu mwanzo hadi mwisho, ila mwinamo wake unazidi kupungua.

Michoro hii miwili ni habari moja. Mtahiniwa anayewekewa mchoro wa kwanza, akaandika kuwa bei zilianguka sana, ameandika kinyume cha yaliyotokea, hata kama kitenzi alichokichagua ni cha Kiingereza safi kabisa. Alipaswa kusema ama kwamba mfumuko wa bei ulishuka, ama kwamba bei ziliendelea kupanda kwa kasi iliyozidi kupungua. Mwalimu wa fizikia atalitambua jambo hili mara moja: gari linalopunguza mwendo halijarudi nyuma. Naona ingefaa sana kama mwalimu huyo na mwenzake wa Kiingereza wangelifundisha pamoja walau kipindi kimoja kwa mwaka.

Katika mfano huo huo mna mtego mwingine. Kutoka 19.8 hadi 12.1 ni upungufu wa 7.7. Je, ni asilimia 7.7? La. Ni pointi za asilimia 7.7, ambazo kwa Kiingereza huitwa "percentage points". Ukitaka kujua mfumuko ulipungua kwa asilimia ngapi, yakupasa ugawe 7.7 kwa 19.8, nawe utapata karibu asilimia 39. Kila mara kitu kinachopimwa kikiwa chenyewe ni asilimia, mwanafunzi asimame kidogo kabla ya kuandika.

Jedwali la sensa

Sasa tutazame jedwali la namna ambayo mtahini angeweza kulitoa. Tarakimu ni za sensa sita za Tanzania tangu Muungano, zikiwa zimekaribishwa. Safu ya mwisho ni wastani wa kasi ya ongezeko kwa mwaka tangu sensa iliyotangulia.

Jedwali 1
Mwaka wa sensa – Watu (milioni) – Kasi kwa mwaka (asilimia)
1967 – 12.3 – (haikuhesabiwa)
1978 – 17.5 – 3.2
1988 – 23.1 – 2.8
2002 – 34.4 – 2.9
2012 – 44.9 – 2.7
2022 – 61.7 – 3.2

Mtahini hutazamia kwanza sentensi moja au mbili zinazosema sura ya jumla, kabla ya mtu kuanza kutaja mwaka mmoja mmoja. Wengi hushindwa hapo. Huanza na 1967, wakaenda 1978, wakaendelea kama mtu asomaye orodha ya mahudhurio, na maneno 150 huisha kabla hawajasema lolote. Sura ya jumla ya jedwali hili ni kwamba idadi ya watu iliongezeka katika kila sensa, hata ikafika mara tano ya ile ya mwanzo, ilhali kasi ya ongezeko ilipungua baada ya 1978, ikabaki chini ya asilimia 3 kwa sensa tatu, kisha mwaka 2022 ikarudi pale ilipokuwa. Safu mbili, habari mbili. Anayesema tu kuwa "takwimu zilipanda" ameacha nusu ya jedwali.

Tazama sasa nyongeza za kila kipindi. Kati ya 1988 na 2002 waliongezeka watu milioni 11.3, kati ya 2002 na 2012 waliongezeka milioni 10.5. Mtu mwenye haraka ataandika kuwa ongezeko lilipungua. Lakini kipindi cha kwanza kina miaka 14 na cha pili kina miaka 10. Ukigawa, utaona kuwa katika kipindi cha kwanza waliongezeka kama watu 810,000 kwa mwaka, na katika cha pili zaidi kidogo ya milioni moja kwa mwaka. Ongezeko la kila mwaka lilikua. Majedwali yenye miaka isiyolingana ni mengi, na mwanafunzi ajizoeze kuisoma safu ya miaka kwa makini ile ile anayoisoma safu ya tarakimu.

Neno "mara" nalo lina hatari yake. Kutoka milioni 12.3 hadi milioni 61.7 idadi ilifika mara tano ya ilivyokuwa. Hiyo haimaanishi kuwa iliongezeka kwa asilimia 500. Iliongezeka kwa kama asilimia 400, kwa sababu ile sehemu ya kwanza ilikuwapo tangu mwanzo. Jambo hili hufahamika kwa urahisi likianziwa chini: kitu kilichokuwa mara mbili ya kilivyokuwa kimeongezeka kwa asilimia 100, wala si 200.

Kuna jambo jingine ambalo jedwali la sensa hufundisha vema kuliko grafu yoyote. Kati ya 1988 na 2002 hatuna nukta hata moja. Twajua mwanzo na twajua mwisho. Hivyo mtahiniwa hana haki ya kusema kwamba katika miaka hiyo idadi iliongezeka "steadily", yaani kwa mwendo usiobadilika, wala "gradually", yaani hatua kwa hatua. Huenda ndivyo ilivyokuwa, lakini jedwali halikusema. Vielezi vya namna hiyo vyahitaji nukta kadhaa zilizokaribiana. Kwa nukta mbili, mtu aweza kusema tu kutoka ngapi hadi ngapi.

Tena, swali halidai sababu. Wanafunzi wetu, ambao wamefundishwa vizuri kutafuta sababu za mambo, hupenda kuongeza habari za uzazi, hospitali na chanjo. Huenda yote ni kweli. Lakini hayamo katika jedwali, nayo yatakula muda na maneno.

Maneno yenye picha

Nirudi kwenye zile orodha za madaftarini. Maneno mengi ya Kiingereza yanayoeleza mwenendo yalikuwa picha kabla ya kuwa istilahi, na anayeijua picha hulitumia neno mahali pake. "Soar" ni kupaa kama ndege apandaye juu angani. Halifai kwa kitu kilichotoka 40 kikafika 43. "Plummet" latokana na risasi ile nzito inayofungwa mwisho wa uzi, ambayo kwetu fundi mwashi huiita timazi na nahodha huiita bildi. Timazi likiachiliwa halisitisiti. Huenda chini moja kwa moja. Basi neno hilo ni la anguko kubwa, la ghafla, lisilosimama njiani. "Fluctuate" latokana na neno la Kilatini la wimbi. "Peak" ni kilele cha mlima, na kilele kwa kawaida kina mteremko upande wa pili. Ikiwa mstari umefika juu na grafu ikaishia hapo, si busara kukiita kilele, maana hatujui kama utaendelea kupanda. "Level off" ni kusawazika baada ya kupanda au kushuka, na kwa hiyo halisemwi juu ya mstari uliokuwa bapa tangu mwanzo.

Watu wa pwani wana hazina yao ya maneno ya namna hii. Maji hujaa na kupwa. Wakati wa bamvua hujaa sana na kupwa sana, na wakati wa maji mafu hubadilika kidogo tu. Hapo mna mwelekeo, mna ukubwa na mna marudio, na mvuvi asingechanganya bamvua na maji mafu kwa kuwa yote mawili ni "kupanda na kushuka". Lakini tuangalie: kujaa na kupwa kuna mpango unaoweza kuandikwa kalendani, ilhali "fluctuate" kwa kawaida hueleza kuyumba kusiko na mpango. Grafu ya mvua ya Dar es Salaam kwa miezi, yenye masika na vuli zake, hurudia sura ile ile mwaka hadi mwaka, na ni afadhali mwanafunzi aseme hivyo waziwazi.

Orodha ya maneno ishirini, basi, ningeipunguza hadi nane au kumi. Kwa kila neno mwanafunzi ajibu: linaonyesha ukubwa gani, na muda gani? "Slightly" ni ukubwa mdogo, bila kusema lolote juu ya muda. "Gradually" ni muda mrefu, bila kusema lolote juu ya ukubwa. Kitu chaweza kupanda polepole na mwishowe kikawa kimepanda sana. "Sharply" lina vyote viwili, ukubwa na haraka. Wanafunzi wengi hudhani "gradually" na "slightly" ni ndugu. Si ndugu.

Kimo cha Ziwa Victoria

Grafu kama tuijuavyo haina umri mkubwa. Mskoti William Playfair ndiye aliyechapa kitabu cha kwanza cha michoro ya mistari na ya mihimili kuhusu biashara, mwaka 1786. Tangu hapo macho ya watu yamezoea kuamini mstari kabla ya kusoma tarakimu, na mazoea hayo huleta taabu.

Kimo cha maji ya Ziwa Victoria kimekuwa kikipimwa tangu mwisho wa karne ya 19, na mahali panapotajwa sana ni Jinja, Uganda, pale Mto Nile unapotoka ziwani. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 1961, ziwa lilianza kupanda, na kufikia 1964 lilikuwa limepanda karibu mita 2.5. Kisha, kwa miongo iliyofuata, lilishuka kwa kuyumbayumba, likainuka tena kwa muda baada ya mvua za El Nino za 1997 na 1998, na mwaka 2006 likafika chini kuliko lilivyokuwa katika miongo minne iliyotangulia, kwa sababu ya ukame na maji mengi yaliyopitishwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja. Mwezi Mei 2020 lilifika mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, juu kidogo ya mita 13.41 za mwaka 1964.

Tuseme sasa mchoraji ameuanzisha mhimili wa wima kwenye mita 10, na kila mita ameipa sentimita moja ya karatasi. Kimo cha mita 11 kitachorwa kwa sentimita 1. Kimo cha mita 13.4 kitachorwa kwa sentimita 3.4. Jicho litasema kuwa maji yaliongezeka zaidi ya mara tatu, na mwanafunzi anayeandika kwa jicho ataandika hivyo. Kumbe hata yule anayegawa 2.4 kwa 11 na kusema kuwa maji yaliongezeka kwa asilimia 22 hajasema jambo lenye maana, kwa sababu sifuri ya kipimo cha Jinja si sakafu ya ziwa. Ziwa hilo lina kina cha kama mita 80 mahali penye kina kirefu. Sifuri hiyo ni alama tu iliyochaguliwa na watu, kama ilivyo sifuri ya kipimajoto cha selisiasi: nyuzi 30 si joto mara mbili ya nyuzi 15. Kwa vipimo vya namna hiyo husemwa tofauti, yaani mita 2.4 au nyuzi 15. Mara na asilimia hazina kazi hapo.

Je, basi, neno "sharply" lingekuwa kosa kwa miaka ya 1961 hadi 1964? Sivyo. Kwa miongo mingi kabla ya hapo ziwa lilikuwa likipanda na kushuka ndani ya mita mbili hivi, nalo likapanda mita 2.5 katika muda wa miaka michache tu. Mita hizo ni chache ukizilinganisha na kina cha ziwa. Ni nyingi mno ukizilinganisha na mwenendo wake wa kawaida, na wakazi wa ufukweni, waliohamishwa na maji wakati ule na tena mwaka 2020, hawahitaji grafu kuambiwa hivyo. Ukali wa mpando haupimwi kwa mwinamo wa mstari kwenye karatasi, ambao mchoraji aweza kuugeuza apendavyo kwa kurefusha au kufupisha mhimili. Hupimwa kwa kulinganisha mpando huo na sehemu nyingine za mwenendo ule ule.

Kwa, hadi, na -me-

Yaliyobaki ni ya sarufi, nami nitayapitia kwa haraka isipokuwa lile la "kwa". Neno hili dogo hubeba kazi nyingi katika Kiswahili, na kila kazi ina neno lake katika Kiingereza. Idadi iliongezeka kwa milioni 10.5: hapo ni "by". Iliongezeka hadi milioni 44.9: hapo ni "to". Anayebadilisha haya mawili hupotosha tarakimu yenyewe, na mtahini hana njia ya kujua kuwa lilikuwa kosa la lugha tu. Kiunganishi cha umilikaji nacho hugawanyika. Twasema ongezeko la milioni 10.5, na pia ongezeko la watu. Kiingereza husema "an increase of" kwa la kwanza na "an increase in" kwa la pili. Kanuni ni nyepesi: kinachofuata kikiwa tarakimu, ni "of", kikiwa kitu kinachobadilika, ni "in".

Katika vitenzi, lugha yetu ina msaada ambao walimu wengi hawautumii. Mswahili hachanganyi kupanda na kupandisha, kuongezeka na kuongeza, kupungua na kupunguza. Mwambie basi kwamba "rise" ni kupanda na "raise" ni kupandisha, na kosa lile la kila mwaka litapungua. Serikali hupandisha kodi, kodi hupanda. Ugumu ni kwamba "increase" na "decrease" za Kiingereza hufanya kazi zote mbili, na hilo halina budi kukaririwa.

Kuhusu nyakati za vitenzi, kiambishi -me- hutuvuta vibaya. Katika mazungumzo twasema idadi imeongezeka kati ya 1967 na 1988, na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hudai hapo wakati uliopita wa kawaida, yaani -li-, kwa sababu miaka yote miwili imetajwa na imepita. Wakati timilifu hutumika pale kipindi kinapofika mpaka sasa, kama tukisema tangu 2012.

Zoezi la darasani

Mwalimu asiye na vitabu vya mtihani huu hana sababu ya kukata tamaa. Shule ina daftari la mahudhurio. Huenda ina kipimamvua. Na bei za duka lililo karibu zaweza kuandikwa kila Jumatatu na mwanafunzi mmoja kwa muhula mzima. Mwanafunzi wa kwanza apewe grafu iliyochorwa kutokana na tarakimu hizo, aieleze kwa sentensi tano za Kiingereza. Sentensi hizo apewe mwanafunzi wa pili, ambaye hajaiona grafu, naye achore anachokisoma. Michoro miwili iwekwe ubaoni pamoja. Panapotofautiana, darasa litafute ni neno gani lililoupotosha mkono wa mchoraji. Nimelitumia zoezi hili kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa miaka kadhaa, na kila mara anayekutana na "soar" hunyanyua kalamu juu ya karatasi, akamgeukia mwenzake na kuuliza: hadi ngapi?